TANURI LA MOSHI LA NYUMBANI: KUNUNUA AU KUJENGA?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri ya kwamba fedha kidogo zilizomo katika mfuko wetu wa kusaidiana zitumiwe kupata tanuri la kukaushia nyama na samaki kwa moshi, ili liwafae wanachama na watu wa nyumbani mwao. Shauri hilo lilipokewa kwa furaha. Lakini mara ilipoulizwa kama tanuri lenyewe tulinunue dukani au tulijenge, mkutano uligawanyika sehemu mbili, na maneno yakawa mengi kuliko hoja. Halmashauri ikaniagiza nilichungue jambo hili na kuleta maelezo, ili siku ya kupiga kura kila mtu ajue anachochagua. Mimi si mwashi wala si fundi wa chuma. Kazi yangu ni ya kalamu kama yenu. Lakini karani hufundishwa kusoma pande zote mbili za daftari, mapato na matumizi, kabla ya kutia sahihi yake, nami nimejaribu kulitazama shauri hili kwa njia hiyo hiyo.

TANURI LA NINI?

Kwanza yafaa tuulize haja yetu ni nini. Kila mmoja wetu ajua mambo yalivyo katika nyumba ya mtu wa mshahara. Siku za kwanza za mwezi nyama huonekana. Katikati ya mwezi mchuzi huwa mwepesi. Na siku za mwisho nyama hutajwa kwa jina tu. Mara nyingi kinachopungua si fedha peke yake, bali ni njia ya kuiweka nyama. Majirani wakichanga na kuchinja ng'ombe pamoja, fungu la kilo 10 hupatikana kwa bei nafuu kuliko kununua nusu kilo kila siku buchani. Lakini fungu hilo lisipohifadhiwa, siku ya pili lanuka, na unafuu wote umekwenda jalalani.

Wako watakaosema ya kwamba siku hizi yako majokofu, na mambo ya moshi ni ya wazee. Siwapingi walio nayo. Lakini jokofu lataka umeme mchana na usiku, na umeme ukikatika siku mbili au tatu, nyama yote huharibika kwa pamoja. Nyama iliyokaushwa sawasawa haitaki umeme, nayo husafiri. Yaweza kutiwa katika kikapu na kupelekwa kwa wazee kijijini, au kumfuata mtumishi aliyetumwa kazi ya mwezi mzima porini.

MOSHI HUFANYA KAZI GANI?

Hapa ndipo zile sehemu mbili za mkutano wetu zilipopishana njiani bila kuonana; maana waliotaka kununua walikuwa wakisema juu ya jambo moja, na waliotaka kujenga walikuwa wakisema juu ya jambo jingine. Kuna kuoka nyama kwa moshi, na kuna kukausha nyama kwa moshi. Kazi hizi zafanana kwa harufu, lakini si moja.

Nyama isiyo na mafuta, katika kila sehemu nne, karibu sehemu tatu ni maji. Vijidudu vinavyoozesha nyama huishi kwa maji hayo. Moshi wenyewe unazo dawa zake, lakini hizo hufanya kazi juu juu, hazipenyi mpaka ndani. Kinachohifadhi nyama hasa ni kukauka kwake, pamoja na chumvi. Chukueni kilo 10 za nyama konde: ndani yake maji ni kilo 7 na nusu, na nyama yenyewe ni kilo 2 na nusu tu. Ikikaushwa hata maji yakabaki sehemu moja katika tano, utapima kilo 3 na kidogo. Nyama ya namna hiyo, ikiwekwa mahali pakavu, itakaa. Lakini nyama iliyookwa kwa moshi saa chache, ikatoka laini na yenye kupendeza macho, bado maji yake ni mengi. Hiyo ni kitoweo cha leo, na bila jokofu hailali. Shirika la Afya la Dunia lafundisha ya kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, maana vijidudu huzaliana upesi katika joto lililo kati ya digrii 5 na digrii 60. Mtu asidanganywe na rangi ya moshi, akadhani ya kuwa nyama nyekundu-nyeusi ndiyo nyama iliyohifadhika.

Wizara ya Kilimo ya Marekani yawashauri watu wake wanaokausha nyama nyumbani ya kwamba nyama ya ng'ombe kwanza ipate joto la digrii 71 mpaka ndani, na ya kuku digrii 74, ndipo ikaushwe polepole kwa joto la kadiri ya digrii 55 hadi 60. Sababu yake ni hii: nyama ikikaushwa kwanza bila kupata joto la kutosha, vijidudu vingine huzoea ukavu na kuvumilia joto linalokuja baadaye. Basi tanuri tunalolitafuta ni lile liwezalo kutoa joto kali mwanzo, na joto la upole baadaye, kwa saa nyingi, pasipo kuunguza. Tukilishika neno hilo, tutaweza kupima kila tanuri kwa mizani moja.

TANURI LA KUNUNUA

Matanuri ya dukani ni ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yatokayo ng'ambo, yaliyopakwa rangi nyeusi, yenye mfuniko, magurudumu, na saa ya joto mbele. Ni kazi nzuri, na joto lake hutawaliwa kwa kufungua na kufunga matundu ya hewa. Lakini yachungueni vema. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya watu wanaooka nyama kwa karamu ya siku moja. Vipimo vyake aghalabu vimeandikwa kwa Farenhaiti, si kwa Selisiasi. Na kipimo wanachokipenda sana wenyewe, yaani 225, ni sawa na digrii 107 kwa hesabu yetu. Hilo ni joto la kuoka, si la kukausha. Mtu aweza kulipunguza, lakini chombo chenyewe hakikukusudiwa kazi hiyo, na nafasi ya chanja zake ni ndogo. Tena kifaa kidogo kikivunjika, kipuri chake hakipatikani sokoni kwetu. Msemo wa wazee, usiache mbachao kwa msala upitao, una kazi yake hapa.

Namna ya pili ni yale yanayochomelewa na mafundi wetu mitaani kwa vyuma na mabati. Haya ni ya bei nafuu, na fundi yupo karibu ukiwa na malalamiko. Lakini mnunuzi na aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Swali la kwanza: bati lina unene gani? Bati jembamba hupotea kwa kutu upesi, maana moto, chumvi na mafuta ni maadui wa chuma. Swali la pili: je, wavu au bati limepakwa zinki? Waya wa ukuta wa kuku na mabati ya kuezekea yamepakwa zinki. Nayo haifai kulalia nyama yenye chumvi, na ikipata moto mkali hutoa mvuke unaoudhuru mwili. Swali la tatu: hewa yaingia wapi, na moshi watokea wapi? Tanuri lisilo na mlango wa hewa unaoweza kupunguzwa ni sanduku la moto tu, na nyama itaungua nje huku ndani ni mbichi.

PIPA

Kati ya kununua na kujenga kuna njia ya tatu ambayo watu wengi waifuata, nayo ni pipa la lita 200. Pipa lina upana wa sentimita zipatazo 58 na kimo cha karibu sentimita 88. Hukatwa mlango chini kwa ajili ya moto, hupitishwa nondo juu ili kushika nyavu, na kufunikwa kwa bati au gunia lililoloweshwa. Uzuri wake ni kwamba lapata joto upesi kwa kuni chache, na ya kwamba laweza kubebwa.

Lakini pipa lina hatari mbili ambazo sina budi kuzitaja waziwazi. Hatari ya kwanza ni ya siku ya kulikata. Pipa lililokuwa na petroli au dizeli, hata likionekana tupu, lina mvuke ndani, na moto wa fundi ukiligusa laweza kupasuka kama bomu. Lisafishwe kwa sabuni na maji mengi, kisha likatwe kwa tindo na nyundo hali limejazwa maji mpaka karibu na mahali pa kukatia. Kuchomelea kwa moto kusiwepo. Hatari ya pili ni ya kile kilichokuwamo. Pipa lililobeba dawa ya wadudu, au kemikali ya kiwandani, lisitumiwe kwa chakula hata liwe limesafishwa mara kumi. Asiyejua pipa lilibeba nini, na aliache. Na lile lililobeba mafuta ya kupikia, nalo lichomwe moto mkali likiwa tupu, mpaka rangi ya ndani na ya nje itoke yote, kabla ya kuwekewa nyama.

TANURI LA KUJENGA

Sasa tuje kwa wajenzi. Kufukiza nyama na samaki si elimu mpya kwetu. Wavuvi wa Kigoma, Ukerewe na pwani wamebanika samaki juu ya chanja tangu zamani. Lakini chanja iliyo wazi hula kuni nyingi, kwa kuwa joto lake kubwa huwapasha ndege wa angani. Hasara hiyo ilionekana sana katika Ziwa Viktoria. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akazidi samaki wengine wote. Yeye ni mkubwa na mwenye mafuta. Hakubali kuanikwa juani kama samaki wadogo wa zamani, bali ataka moto. Basi kuni zikatafutwa kwa wingi, na miti ya karibu na ziwa ikapata taabu.

Ndugu zetu wa Ghana walitafuta njia bora. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa Taasisi ya Utafiti wa Chakula ya nchi ile, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walifanya kazi na wanawake wa kijiji cha wavuvi kiitwacho Chorkor, karibu na Accra, wakapata tanuri lililopewa jina la kijiji hicho. Ni chumba kifupi cha udongo au matofali, chenye ukuta wa katikati na midomo miwili ya moto upande wa mbele. Juu yake hupangwa chanja za mbao zenye waya, moja juu ya nyingine, kila moja ikikaa barabara juu ya mwenziwe. Chanja zenyewe zikipandana ndizo ziwazo dohani. Hakuna kuta ndefu za kujenga. Mpishi huzibadilisha, ya chini juu na ya juu chini, ili zote zipate joto sawa. Kwa hiyo kuni zilipungua, samaki wengi zaidi waliingia kwa mara moja, na mikono iliungua kidogo. Tanuri hilo limeenea katika nchi nyingi za Afrika, nalo halina ndani yake kitu kisichopatikana kijijini.

Tukitaka kujenga dogo la namna hiyo, lenye chumba cha urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60, na kimo cha sentimita 60, hesabu yangu ni kwamba matofali yapatayo 120 ya kuchoma yatatosha, ikiwa kila tofali lina urefu wa sentimita 22 na kimo cha sentimita 7. Hapo hatuna haja ya ukuta wa katikati. Mdomo mmoja wa moto watosha. Ndani, matofali yaungwe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vema. Saruji huachwa kwa msingi na nje, maana karibu na moto hupasuka. Paa dogo lisimamishwe juu ili kuzuia mvua. Kuta hizo zikipata joto hulishika kwa muda mrefu, na hilo ndilo joto la upole tunalolihitaji kwa kukausha.

Lakini wajenzi nao wasijisifu kupita kiasi. Ukuta uliochelewa kupoa ulichelewa pia kupata moto. Mtu wa kilo 3 za nyama kwa mwezi akiwasha tanuri la matofali, atachoma kuni nyingi kupasha matofali kuliko kupasha nyama yake. Tanuri la matofali lalipa pale ambapo chanja zimejaa.

NENO LA UHAMISHO

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya ufundi havilitaji, kwa kuwa waandishi wake hawakuwa watumishi wa serikali. Jambo hilo ni uhamisho. Mkulima akijenga tanuri, atakula nyama yake mpaka wajukuu. Sisi twajenga leo, na barua yaja kesho. Matofali hayapandi gari. Tena wengi wetu twakaa katika nyumba zisizo zetu, na haifai kujenga kitu cha kudumu uani bila ruhusa ya mwenye nyumba. Kwa mtu mmoja mmoja, basi, chombo kinachobebeka kina haki yake, hata kama si bora kwa mambo mengine. Lakini chama hakihamishwi. Mwanachama huenda, na mwingine huja mahali pake. Tanuri lililo katika kiwanja cha chama litamkuta huyo mgeni na kumfaa kama lilivyomfaa aliyeondoka.

HABARI YA AFYA

Sitakuwa mwaminifu kwenu nikitaja faida tu. Mafuta ya nyama yakidondoka juu ya makaa hutoa moshi wenye sumu ambayo huirudia nyama na kushikamana nayo. Katika mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilihesabu nyama zilizosindikwa, pamoja na zile za moshi, miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka wa sumu mojawapo ya moshi katika nyama na samaki waingiao masoko yao, na tangu mwaka 2014 mpaka huo umekazwa zaidi. Haya hayasemi ya kwamba kipande kimoja kitaua mtu. Yatufundisha kula kwa kiasi, na kutengeneza kwa akili. Katika mwaka 2008 Shirika la Chakula na Kilimo, pamoja na chuo cha mafundi wa uvuvi kilichoko Thiaroye, katika nchi ya Senegal, walilitengeneza tanuri la Chorkor upya: waliongeza sinia ya kukinga mafuta yasifike motoni, wakatenga moto wa kukausha na moshi wa kutia harufu. Sinia hiyo twaweza kuiongeza sisi pia, iwe tumenunua au tumejenga. Kipande cha bati zito lisilo na zinki, kilichoinamishwa ili mafuta yatiririke kando, chatosha. Mafuta yaondolewe kwa kisu kabla ya kuanza. Maana mafuta hayakauki, bali huchacha.

Kuni ziwe kavu, za miti migumu, kama mwembe, mpera au mgunga. Msonobari una utomvu unaotoa masizi machungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ni sumu. Na mnyaa usiukaribie kabisa. Mikoko ya pwani ni misitu ya hifadhi, haikatwi bila kibali. Wala tanuri lo lote lisiwashwe ndani ya nyumba au katika banda lililozibwa, ijapokuwa mvua yanyesha. Hewa ya makaa huua mtu bila kumwonya kwa harufu.

Tena kuna afya ya mpishi. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria ya kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Mabwana, tukumbuke ni nani watakaokaa mbele ya moto huu. Aghalabu si sisi tunaopiga kura, bali ni wake zetu, mama zetu na mabinti zetu, na wengi wao hawamo katika ukumbi huu. Tanuri litakalowafukiza macho usiku na mchana si msaada, hata likiwa la bei rahisi namna gani. Kwa hiyo naomba ya kwamba kabla ya kura, mabibi wanaojua kazi hii waitwe, waulizwe kimo cha tanuri kiwe gani ili mgongo usiinamishwe, mdomo wa moto utazame wapi, na upepo wa kiwanja chetu huvuma kutoka upande gani. Katika Chorkor, wenye kazi walisikilizwa kwanza.

HESABU YENYEWE

Sikutaja bei, kwa sababu bei za mji mmoja si za mji mwingine, na za leo si za mwezi ujao. Lakini naweza kuonyesha njia ya kuzihesabu. Chukua bei ya chombo, ongeza usafirishaji na matengenezo, kisha gawanya kwa idadi ya miezi unayotumaini kitadumu. Halafu ongeza kuni za mwezi mmoja. Jumla hiyo igawanye kwa kilo za nyama utakazokausha katika mwezi huo. Hapo utapata gharama ya kila kilo, nawe utashangaa. Pipa la rahisi linalotoboka baada ya mvua chache laweza kuwa ghali kuliko matofali ya miaka mingi. Na matofali yasiyotumiwa ni ghali kuliko vyote. Wazee walisema rahisi ghali, nao hawakuwa na daftari.

Usisahau kuhesabu kazi. Kukausha kilo 10 kwataka mtu wa kukata vipande vyembamba vya unene wa sentimita 1, kuvitia chumvi gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo, kuchunga moto saa nyingi, na kugeuza. Siku hiyo ya mtu ina thamani, hata kama hailipwi mshahara. Watu wanne wakikausha kwa pamoja, siku nne za kazi hugeuka kuwa moja.

SHAURI LANGU

Kutokana na hayo yote, nina maneno matatu ya kuweka mbele ya mkutano.

La kwanza: mwanachama aliye peke yake, mwenye familia ndogo na anayengoja uhamisho, atumie pipa lililosafishwa kwa njia niliyoieleza, au anunue tanuri dogo la fundi wa mtaani baada ya kumwuliza yale maswali matatu. Asijenge.

La pili: chama kijenge. Tuna kiwanja, tuna watu wa kujaza chanja kila mwezi, na fedha zetu zitakwenda kwa mwashi na seremala wa hapa hapa. Ruhusa ya kiwanja ipatikane kwanza kwa maandishi.

La tatu: yale tusiyoweza kuyatengeneza vema tuyanunue bila kuona haya. Kipimajoto chenye sindano ya kuingia ndani ya nyama, chenye alama za Selisiasi, kinunuliwe. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho hakuna ajuaye kama zile digrii 71 zimefika. Nyavu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Mpaka kati ya kununua na kujenga haupiti kati ya tanuri na tanuri. Wapita ndani ya tanuri moja.

Nimesikia pia neno lililosemwa kando, si katika mkutano: ya kwamba haipendezi watu wa ofisi kuonekana wakikanda udongo. Neno hilo nalijibu kwa ufupi. Udongo huoshwa kwa maji. Deni la kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya macho ya watu halioshwi kwa maji. Mfuko wetu ni wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Kila shilingi itokayo humo bila sababu njema ni shilingi itakayotafutwa siku ya mazishi, nayo haitaonekana. Ndiyo maana nimewachosha kwa hesabu na vipimo. Jambo ni nyama, lakini fedha ni za wajane na wagonjwa wetu wa kesho.

Mimi nimemaliza sehemu yangu. Uamuzi ni wenu. Atakayeona kasoro katika hesabu zangu, na anionyeshe kabla ya siku ya kura, ili zisahihishwe na kusomwa tena mbele ya wote.